Umewahi kuijaribu imani yako kwa amri usiyoipenda?

#1 Tafakuri (mleta uzi)

Ndugu zangu, salamu kwa kila mmoja kwa imani yake. Uzi ni mrefu. Aliyebanwa na kazi auache kwanza, aurudie akiwa ametulia.

Mafundisho ya dini tunayafanyia mambo mawili kwa bidii kubwa: tunayasikiliza na tunayatetea. Tunakaa kwenye mahubiri na darsa, tunahifadhi aya, halafu tunaingia majukwaani kuthibitisha kwamba ya kwetu ndiyo kweli na ya wenzetu yamepotoka. Jambo la tatu ni nadra. Ni kuichukua amri moja, ukaitenda kwa mtu unayemjua kwa sura, ukaona inazaa nini. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba asiyefika hapo hajajua bado kama anaamini. Anachojua ni kwamba amekubali.

Hili silitoi kichwani mwangu. Katika Yohana 7 watu wanabishana kuhusu Yesu: huyu elimu ameipata wapi, naye hakusoma? Hakuwaletea hoja. Aliwaambia, "Mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake, atajua habari ya yale mafunzo, kwamba yatoka kwa Mungu, au kwamba mimi nanena kwa nafsi yangu tu." Tazameni mpangilio wake. Kutenda kunatangulia, kujua kunafuata. Sisi huwa tunadai kinyume: nithibitishie kwanza, nitatenda baadaye. Na pale Mathayo 7, mjenzi wa mwambani na mjenzi wa mchangani wote wawili wamesikia maneno yale yale. Mmoja aliyafanya, mwingine aliondoka nayo kichwani.

Qur'ani nayo haibembelezi hapa. Sura As-Saff (61:2-3) inawauliza walioamini kwa nini wanasema wasiyoyatenda, na inaliita hilo chukizo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Katika Al-Hujurat (49:14) mabedui wanasema "Tumeamini", wanaambiwa waseme tu kwamba wamesilimu, kwa kuwa imani haijaingia bado mioyoni mwao. Na Sura Al-Maun inawaonya watu wanaosali! Wanasali, lakini ni kwa kujionyesha, na wananyima hata msaada mdogo wa kila siku. Buddha naye aliwaambia Wakalama, wenyeji wa mji wa Kesaputta, wasilishike fundisho kwa sababu ni mapokeo, au linavuma, au limo kwenye maandiko, au msemaji ni mwalimu wao. Walishike watakapojua wenyewe kwamba likitendwa linaleta heri. Dini hizi hazikubaliani kuhusu Mungu, lakini kwenye swali hili zinambana mtu kona ile ile.

Sasa kuna mtego, na nataka tuuone mapema. Maandiko yale yale yanakataza kumjaribu Mungu. Kumbukumbu la Torati 6:16 inasema msimjaribu Bwana kama mlivyomjaribu huko Masa. Kule Masa, jangwani, wana wa Israeli walikuwa na kiu, wakaifanya kiu yao kuwa mtihani kwa Mungu: "Je! Bwana yu kati yetu au sivyo?" Tupe maji tujue upo. Ndilo jaribu alilopewa Yesu juu ya kinara cha hekalu, jitupe chini tuone kama malaika watakudaka, naye akalijibu kwa aya hiyo hiyo ya Masa. Najua mtanitajia Malaki 3:10, "mkanijaribu kwa njia hiyo". Ipo, na tumeisikia sana, kwa sababu ndiyo aya inayopendwa na kila anayekusanya fedha kwa jina la Mungu. Lakini someni Malaki yote. Sura ile ile ya 3, aya ya 5, inawataja wanaomwonea mwajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na wanaowaonea wajane, yatima na wageni. Mtu akikupa aya ya 10 akaificha ya 5, amekupa nusu ya mtihani, tena ile nusu inayomlipa yeye.

Paulo anageuza kidole: "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani, jithibitisheni wenyewe" (2 Wakorintho 13:5). Huo ndio mtihani ninaouzungumzia. Hatumpi Mungu masharti. Tunaipeleka amri kwenye maisha, na wa kwanza kuonekana tulivyo ni sisi.

Kuna utafiti ambao hauniachi. John Darley na Daniel Batson waliuchapisha mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani, watu wanaoandaliwa kuwa wachungaji, wakawatuma waende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Wengine walipewa mfano wa Msamaria Mwema wa Luka 10, yule aliyesimama njiani kumsaidia mtu aliyejeruhiwa. Njiani aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, kichwa kimeinama, anakohoa na kugugumia. Wapo walioambiwa muda bado upo. Kati yao asilimia 63 walisimama kumsaidia. Wapo walioambiwa wamechelewa, wakimbie. Waliosimama ni asilimia 10. Na mada ya hotuba? Haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka yule mtu huku vichwani wamebeba habari ya Msamaria.

Nikisoma hapo natetemeka, maana wale hawakuwa wanafiki. Walikuwa wanaijua Luka 10 kuliko mimi. Ila aya iliyomo kichwani haijawahi kushindana na haraka ya miguuni. Ushindani huo hauji mpaka siku umechelewa na kuna mtu amelala mlangoni.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, nanyi mlichambue. Chagua amri isiyokupendeza. Mkarimu kwa asili akitoa sadaka hajajaribu kitu, amefuata tu tabia yake. Mpole akinyamaza, vivyo hivyo. Amri ya kujaribia imani ni ile ambayo ukiisoma moyo wako unatafuta haraka tafsiri ya kuilegeza. Kwa mmoja ni "wapendeni adui zenu". Kwa mwingine ni kutoa bila mkono wa kushoto kujua ufanyalo wa kuume, yaani asijue hata mtu mmoja, usiandike mahali, usidokeze kwenye ushuhuda. Kwa wengi wetu ni ulimi: Qur'ani 49:12 inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa, na bado mazungumzo yetu yangekatika nusu tukiacha kusengenya.

Na shahidi wa matokeo asiwe moyo wako. Moyo unajipongeza upesi. Shahidi ni yule anayeishi na wewe au aliye chini yako kazini, ambaye huna sababu ya kumfurahisha. Yeye ndiye atakayejua kama fundisho limekuingia.

Nawakaribisha. Nani amejaribu, na nini kilitokea?

#2 Hoja Kwanza

Mkuu Tafakuri, umeandika vizuri, lakini mimi ni mtu nisiyeamini, kwa hiyo niruhusu niguse pale panapouma.

Huu mtihani hauwezi kufeli. Muumini akisamehe na adui akabadilika, atasema "mnaona, fundisho ni kweli". Adui akizidi ubaya, atasema "najaribiwa, niongeze subira". Kila jibu ni ndiyo. Kitu kisichoweza kufeli hakijajaribiwa.

La pili, Mbudha akisamehe hupata utulivu. Mwislamu hupata. Mkristo hupata. Mimi nisiyeamini nikisamehe naupata pia. Basi utulivu huo unathibitisha kwamba kusamehe kunafaa, ila haumthibitishi Mungu wa yeyote kati yenu.

La tatu, hata waumini walishawahi kujaribu vizuri zaidi ya hivi. Mwaka 2006 kundi la daktari Mmarekani Herbert Benson lilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kundi lililoombewa bila kuwa na uhakika kama linaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Lisiloombewa, asilimia 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, 59. Huo ndio mtihani wenye namba, na majibu mnayaona.

#3 Dada wa Subira

Kaka Tafakuri, Mungu akulipe. Nitajibu swali lako la mwisho, ya Hoja Kwanza nitawaachia wenyewe.

Aya yangu ni Fussilat 41:34, kwamba wema na uovu havilingani, uondoe uovu kwa lililo jema zaidi, na yule ambaye kati yako na yeye kuna uadui atakuwa kama rafiki wa karibu. Nimeisoma tangu utotoni. Sikuwahi kuichukua kama agizo lenye anwani mpaka nilipokuwa na ugomvi na wifi yangu, ugomvi wa miaka, wa maneno mazito yaliyosemwa mbele za watu. Nilikuwa nimemnyamazia. Nilijiona mwema kwa kunyamaza tu. Halafu siku moja nikaona aya haisemi "nyamaza". Inasema fanya lililo jema zaidi.

Nikaanza na dua. Kumwombea kwa jina lake, heri ile ile ninayojiombea mimi, watoto wake wafaulu kama wangu. Naapa hakuna ibada iliyowahi kunielemea hivyo. Ulimi ulikuwa unatamka na kifua kinakataa. Baadaye nikaanza kumsalimia kwanza, na akiuguliwa naenda. Mwanzo alidhani kuna ninachotafuta, akawaambia watu hivyo. Nilirudi nyumbani nikitaka kuacha.

Siwezi kuwaambia amekuwa rafiki wa karibu. Tunasalimiana, tunasaidiana kwenye shida, mengine bado. Kilichonishangaza ni aya inayofuata, ya 35, ambayo watu huikata: kwamba hawapewi hilo ila wanaosubiri, hapewi ila mwenye bahati kubwa. Kumbe aya yenyewe ilishaniambia kwamba haitakuwa rahisi wala ya haraka. Nilipoitenda ndipo nikaiona imeandikwa na Anayejua mioyo yetu ilivyo. Hapo ndipo imani yangu ilipozidi, pale kwenye ugumu, maana ugumu ule niliukuta umetajwa.

#4 Fundi Kimya

Dada umenigusa. Hadithi ya Sayyidna Abubakar, swahaba wa Mtume, na Mistah ni hii hii. Mistah bin Uthatha alikuwa jamaa yake maskini, Abubakar ndiye aliyekuwa anamlisha. Ilipokuja kashfa ya kumsingizia Bibi Aisha, binti wa Abubakar mwenyewe, Mistah akawa miongoni mwa walioieneza. Abubakar akaapa hatampa kitu tena. Nani angemlaumu? Ikashuka An-Nur 24:22, wenye fadhila na wasaa wasiape kuwanyima jamaa na maskini, wasamehe na waachilie mbali, kwani hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abubakar akasema ndiyo, wallahi napenda Mwenyezi Mungu anisamehe, akarudisha matumizi ya Mistah na akaapa hatayakata kamwe.

Huwa najiuliza siku ile alipoenda kumpa tena kwa mkono wake alijisikiaje.

#5 Tafakuri (mleta uzi)

Hoja Kwanza, ndugu yangu, nashukuru umekuja. Uzi wa aina hii bila mtu kama wewe unageuka kuwa mkutano wa kupongezana.

Naanza na utafiti wa Benson kwa sababu hapo tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Ule ni Masa kabisa: tutaomba kwa mpangilio, tuhesabu, tuone kama upo. Mtu anayeamini Kumbukumbu la Torati hakuwa na sababu ya kutegemea jibu jingine. Na tazama mwombaji alitakiwa kufanya nini: kumwombea mtu asiyemjua, asiyemwona, bila kumgharimu chochote zaidi ya dakika zake. Mlinganishe na yule dada anayemwombea wifi yake. Kuna anayeona haya ni jambo moja?

Kuhusu kufeli. Ukipima kwa majibu ya nje, umesema kweli, muumini atajitetea daima. Ndiyo maana sipimi huko. Shadraka, Meshaki na Abednego mbele ya tanuru, Danieli 3, wanamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wanaongeza, "Bali kama si hivyo", bado hatutaabudu sanamu yako. Hawakuweka matokeo kama sharti. Walikuwa wameshavuka mtihani kabla moto haujawagusa.

Lakini mtihani wangu unaweza kufeli, tena vibaya. "Mtawatambua kwa matunda yao" ni kipimo chenye upande wa pili. Nikilishika fundisho kwa uaminifu kwa muda mrefu, na wanaoishi nami wakaniogopa zaidi, wanaonitegemea wakabanwa zaidi, nami nikawa mwepesi wa kuwahukumu wengine na mzito wa kusikia, basi kuna kitu ni uongo. Ama fundisho, ama namna nilivyofundishwa. Siruhusiwi kuliita hilo "kujaribiwa". Nimewaona watu ambao kila mwaka wa ucha Mungu unawafanya kuwa wakali kwa watoto wao, na hakuna anayethubutu kuwaambia kwamba mti unazaa miiba. Huo ni mtihani uliofeli, ila msahihishaji amefukuzwa darasani.

Hoja yako ya pili ndiyo nzito, na sitaikwepa. Ni kweli, msamaha unamfaa kila anayesamehe. Kutenda hakuthibitishi kanuni zote za imani kwa pigo moja. Kwangu mimi kunafanya hivi: mtu akikuelekeza safari ndefu, ukakuta mto pale aliposema pana mto, ukakuta njia panda pale aliposema, unaanza kumwamini hata kwa mji ambao hujauona. Hujauona bado, wala hutasema umeuona. Lakini imani yako kwake siyo tena ya kuambiwa. Yesu alisema mambo kuhusu hasira, mali, ulimi na adui ambayo yalionekana hayawezekani, na kila nililolitenda nimelikuta lilivyo. Nikimwamini kuhusu Baba asiyeonekana, naamini nikiwa na sababu. Wewe unaweza kuona sababu hiyo haitoshi. Lakini ipo, nami ninaisimamia.

#6 Mama Wawili

Naomba nizungumze ambalo hamjaligusa.

Mimi niliambiwa nijaribu imani yangu kwa kusamehe. Niliambiwa na viongozi wa dini, kwa upole, wakiwa na Kitabu mkononi. Samehe saba mara sabini. Mume akinipiga, nisamehe, nirudi, niombe, Mungu atambadilisha. Nikarudi. Kila niliporudi nilikuwa nafanya hasa anachosema mleta uzi, yaani kuchagua amri ngumu kuliko zote. Niliondoka watoto walipoanza kujificha wakisikia mlango.

Sasa nipo salama na nasali bado. Ila nikisoma "chagua amri isiyokupendeza" mwili wangu unakumbuka. Mtu anaweza kuuliwa na ushauri huu.

#7 Tafakuri (mleta uzi)

Mama Wawili, pole sana, na asante kwa kuliandika. Nakujibu nikijua kwamba kuna mtu mwingine anasoma kimya akiwa katika hali uliyokuwa wewe.

Waliokurudisha walikosea Maandiko yenyewe. "Saba mara sabini" ni Mathayo 18:22. Aya saba tu juu yake, sura hiyo hiyo, Yesu anaagiza ndugu akikukosea mweleze, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia liambie kanisa, asiposikia na kanisa mhesabu kama mtu wa nje. Hakuna mahali kosa linafichwa ndani ya nyumba ili aliyekosewa aendelee kulipokea. Paulo anasema kaeni kwa amani na watu wote, ila anatanguliza "kama yamkini, kwa upande wenu". Yapo yasiyoyamkini, na upande wa pili si wako. Hata Abubakar alirudisha riziki ya Mistah. Hakuambiwa amkabidhi Mistah binti yake.

Na kuna kitu hakikukaa sawa kwenye mtihani uliopewa: ulipangwa na watu ambao hawakulipa chochote. Amri ya kujaribia imani mtu anajichagulia mwenyewe, hamchagulii mwenzake. Mwenye nguvu akimwambia mnyonge "jaribu imani yako kwa kuvumilia", huyo mwenye nguvu ndiye aliye mtihanini, na ameanguka. Kwa mume yule amri ngumu ilikuwepo: kuushika mkono wake mwenyewe. Mtume Muhammad alisema mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu mieleka, bali anayejimiliki wakati wa hasira. Hao viongozi wangempelekea yeye hadithi hiyo au Waefeso 5:28, wakampa mtihani wake.

Kutoka kwako ukiwa na watoto ni utii pia. Yeyote anayepigwa sasa hivi na anasoma hapa: tafuta usalama kwanza, kwa ndugu, kwa jirani, kwa vyombo vya sheria. Msamaha unaweza kuufanya ukiwa mbali, mlango umefungwa, hata baada ya miaka.

#8 Mama Wawili

Hilo la nani anachagua mtihani wa nani, lingesemwa madhabahuni. Asante kaka.

#9 Dada wa Subira

Nami nakumbatia ulichosema, dada. Mimi wifi yangu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Angekuwa anaumiza watoto wangu, lililo jema zaidi lingekuwa kumzuia. Kuna hadithi: msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au mdhulumiwa. Wakauliza, dhalimu tunamsaidiaje? Akasema kwa kumzuia asidhulumu.

#10 Fundi Kimya

Swali langu ni tofauti. Mimi natenda. Natoa kwa siri, nasali kwa wakati, nina mzazi mgonjwa ninayemhudumia kwa mikono yangu na simlalamikii. Lakini ndani hakuna kitu. Hakuna ile raha ya imani wanayoisimulia. Nasikia watu wanasema "tenda, utaona", nami natenda na sioni. Hii ina maana nimefeli?

#11 Tafakuri (mleta uzi)

Hapana, Fundi. Na nitakupa mtu mmoja badala ya hoja nyingi.

Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997. Miaka kumi baadaye, 2007, barua zake za siri kwa waungamishaji wake zilichapishwa, na dunia ikashangaa. Kwa karibu miaka 50, kuanzia muda ule alipoanza kazi ya kuwahudumia maskini, aliandika kuhusu giza na ukavu, kwamba anamwita Mungu na hasikii jibu. Wenye kumpinga walisema mnaona, hakuamini. Mimi nikitazama naona mtu aliyeamka kila asubuhi kuwaosha watu waliokuwa wanafia barabarani, akiwa hana hata hisia moja ya kumsukuma. Kama kuna mahali imani imejaribiwa bila mchanganyiko wa kitu kingine, ni pale. Tukitenda kwa sababu tunajisikia vizuri, hatuwezi kujua ni imani au ni ile raha.

Yohana 7:17 inasema "atajua". Haisemi atajisikia. Nikuulize Fundi, unaposema huoni kitu: mzazi wako anaona nini? Akiwa na kiu usiku, anamwita nani bila woga? Nilisema mwanzoni shahidi asiwe moyo wa mtu. Basi kanuni hiyo ikulinde na wewe pia. Moyo unaojipongeza upesi ni shahidi mbovu, na moyo unaojihukumu upesi nao ni shahidi mbovu.

Hata Nabii Ibrahim, rafiki wa Mungu, aliomba aonyeshwe wafu wanavyohuishwa. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, ila moyo wangu utulie (Al-Baqara 2:260). Hakukemewa. Kuamini kulikuwepo kabla ya utulivu kufika. Omba utulivu, ni haki yako kuuomba. Ila usiuhesabu ukosefu wake kuwa ukosefu wa imani.

#12 Fundi Kimya

Nimeisoma mara kadhaa. Leo mzee aliniita jina langu vizuri, baada ya muda mrefu wa kuchanganya majina. Sijui kama hilo ni jibu. Nashukuru.

#13 Hoja Kwanza

Nakubali kipimo cha matunda kinaweza kufeli, na nakubali si waumini wengi wanaothubutu kukitumia. La Mungu tuliache lilipo, halitaisha leo.

Nina swali la kweli kabisa, silengi kushinda. Mtu kama mimi, nisiyesali, ningeanza na amri ipi? Naomba usiniambie nianze kwa kuomba, maana nitakuwa naigiza.

#14 Tafakuri (mleta uzi)

Swali lako nimelipenda kuliko yote humu. Blaise Pascal, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliwashauri wasioweza kuamini waanze kwa kutenda kama wanaoamini: wahudhurie misa, watumie maji ya baraka, imani itakuja kwa mazoea. Mimi sikubaliani na pale alipoanzia. Ibada bila imani inaweza kukuzoesha maigizo, kama unavyohofia mwenyewe. Anza na amri ambazo hazihitaji uigize kitu kwa sababu zinamhusu mtu aliye mbele yako.

Ningekupa Mathayo 5:23-24. Mtu yuko madhabahuni na sadaka yake, anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache pale, aende kwanza wakapatane, ndipo arudi. Soma kwa makini ni nani ana neno na nani: si wewe uliyekosewa, ni yeye anayekudai. Wewe hutoi sadaka, lakini una kitu kinachokufanya ujione mtu mzuri, iwe kazi yako, hoja zako, au uaminifu wako. Hicho ndicho kiache pale kidogo. Mtafute yule mtu mmoja ambaye ukilisikia jina lake unabadilisha mazungumzo. Usiende kueleza upande wako. Muulize alichoumia, umsikilize mpaka amalize, na kama kuna deni ulilipe.

Utakapokuwa njiani kwenda kwake utakuta sababu nzuri sana za kurudi, zote zina mantiki. Ziangalie vizuri hizo sababu, wewe ni mtu wa hoja, utajifunza mengi kutoka kwazo. Yatakayotokea ukifika sijui, hata Yesu hakuahidi kwamba yule ndugu atakubali. Kisha rudi utuambie, na kama kitu kimekwenda vibaya kiandike kama kilivyo, hatutakutafsiria.

#15 Hoja Kwanza

Yupo. Nimemjua kabla hujamaliza sentensi.

Namba yake ninayo bado. Nitaandika hapa nikishazungumza naye, si kabla.